Muuza Makochi Ajaribu Kumshusha Daktari

Muuza makochi ya mitumba hakuwahi kukubali bei ya kwanza, iwe ya kochi, iwe ya nyanya. Kiharusi kilimpiga palepale dukani, kikampinda mdomo na kumlegeza mkono. Siku chache baadaye, wodini, mdomo ukaanza kunyooka, naye akaona yamekwisha. Daktari akaja na jipya: vipimo vinaonyesha moyo wenyewe umevimba, tena unadunda ovyo.

"Baada ya kiharusi hutokea," alisema. "Utalala hapa wiki mbili tukiuangalia kwa mashine. Ukijitutumua, moyo unaweza kusimama ghafla."

"Siku tatu," mgonjwa akajibu.

"Mzee, sijakutajia bei."

"Basi nne, na mashine naondoka nayo."

Mkewe, aliyekuwa akimmenyea chungwa, alicheka hadi kisu kikamponyoka.

Kilichomuwasha mzee ni duka. Alimwachia shemeji yake, mtu mpole ambaye mteja akisema "punguza", yeye huuliza "mpaka ngapi?" Habari zilishafika: kochi la watu watatu limeuzwa, na stuli mbili juu, zawadi.

"Stuli mbili!" alifoka, na mashine ikafoka naye.

Mchana akatoa silaha ya sokoni: muuzaji asiposhuka, mpe mgongo, atakuita tu. Akachomoa nyaya kifuani, akavaa ndara.

"Daktari, hatujaelewana. Kwaheri."

Daktari akafungua mdomo. Mke akamshika mkono. "Usimwite. Ukimwita tu, umeliwa."

Nesi, kimyakimya, akamfuata mzee na kiti cha magurudumu.

Mzee akapita kitanda cha jirani. Kimya. Akapunguza mwendo, sikio likiwa nyuma. Mlangoni akainama kama anafunga kamba, na ndara hazina kamba. Ndipo moyo ukaanza kurukaruka kama kuku ndani ya gunia. Jasho likamtoka, akaangukia kitini kwa nesi.

"Mbona hamniiti?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tukuite wa nini?" mkewe alisema, machozi yakimlengalenga. "Nenda, baba watoto. Mimi na kaka yangu tutaliendesha duka. Kila kochi na stuli zake."

Mzee akaweka kiganja kifuani. Kule ndani hakukuwa na wa kubishana naye.

"Haya. Wiki mbili," akasema.

"Sasa ni tatu," daktari akajibu.

"Mbili na nusu," akanong'ona, huku akifungua mwenyewe vifungo vya shati ili nesi arudishe nyaya.