Kisiki cha Penye Jiwe

Kabla hujaniambia kwamba ulikuwa ukungu tu, nakubali: ukungu ulikuwepo. Kwetu mlimani ukungu ni jambo la kawaida, unapanda kutoka bondeni baada ya mchana na kuingia hadi jikoni, na sijawahi kuuona ukigeuka mtu. Mimi si mtunzi wa hadithi. Tatizo langu ni jingine: nikisimulia jambo nalisahihisha mno, naogopa kuongeza na naogopa kupunguza. Haya nimeyaandika na kuyafuta hadi yamebaki yale tu ninayoweza kuyaapia. Nyumbani kila mtu anajua kipande chake. Wewe ndiye wa kwanza kuyasikia yote.

Nyumba yetu iko kwenye mteremko wa Uluguru unaotazama Kingolwira. Asubuhi kukiwa kweupe tunaiona treni ikipita huko chini, ndogo kama kiwavi. Mama anafuga ng'ombe mmoja wa maziwa. Ng'ombe wa bandani hatembei, kwa hiyo anayetembea ni mama: anashuka bondeni kukata majani, anafunga mzigo, anapanda nao kichwani. Magoti yake yamechoka. Ukitembea nyuma yake kimya unayasikia yakilia. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, nacho ni kusafisha kile kipande cha juu ya nyumba kilichojaa vichaka na visiki, nipande malisho, ili mama asishuke tena bondeni. Naomba ulikumbuke hilo.

Ardhi ni ya ukoo wa mama, kwa hiyo nilimwendea mjomba, kaka yake mkubwa. Sikutaka kukosea hata hatua moja. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza.

"Ng'oa tu, mpwa wangu," akasema. "Pale kuna nini? Tunakata fito tu na majani ya mbuzi. Ila weka matuta, mvua isije ikanishushia mlima mezani."

Hakuna aliyenifundisha kazi hiyo. Nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama video usiku nikiwa nimejifunika shuka. Katika mojawapo niliona shamba la malisho lililosafishwa hadi likawa kama kitanda kilichotandikwa, na tangu siku hiyo sikutaka chochote pungufu ya kile. Wenzangu hukata mti mdogo usawa wa ardhi wakaendelea na maisha. Mimi nilichimba pembeni kwa sululu, nikafuata kila mzizi, nikaunyanyua kwa mtaimbo hadi kisiki kitoke kizima. Mjomba alipita siku moja akasimama na mikono kiunoni.

"Hee! Unang'oa kisiki au unachimba choo?"

"Mzizi ukibaki kitachipua, mjomba."

"Kichipue! Kwani kitakuuma?"

Akaondoka akicheka. Mimi nikarudi kwenye mzizi wangu.

Kila kisiki nilikisafisha udongo, nikakipunguza mizizi kwa panga hadi vyote vikalingana, nikavipanga kwenye rundo. Vingi vilikuwa vya aina moja ya mti wa gome jeupe, ambao jina lake nalijua kwa Kiluguru tu. Mti huo unawaka hata ukiwa mbichi kidogo. Nilianzia kona ya juu, penye jiwe kubwa, nikawa nashuka.

Wakati huo mama hakuwepo. Dada yangu alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, anaishi Mafiga mjini, na mama alikwenda kumtunza na kumkanda kwa maji ya moto. Nilifurahi kwamba hayupo. Nilitaka arudi akute kazi imekwisha. Nikaona pia nimsaidie huko huko: nikavipasua vile visiki vya kwanza, nikavifunga, nikampa mtu wa bodaboda avipeleke.

"Kuni zako nzuri, baba," mama aliniambia kwenye simu. "Zinashika moto polepole, maji hayapoi. Umenifaa kweli."

Niliitembeza sauti hiyo kichwani siku nzima.

Sasa nisikilize. Jioni haikuwa imefika. Nilikuwa nauchimbua mzizi wa mwisho upande wa chini wakati ukungu ulipopanda na kulifunika shamba. Nikatulia, kwa sababu kwenye ukungu unaweza kujikata mguu. Ndipo nilipomwona mtu juu kule, penye jiwe. Alikuwa anatoka shimo hadi shimo, mashimo ya visiki nilivyong'oa. Anachuchumaa, anaweka kiganja ndani ya shimo, anasubiri kidogo, anahamia jingine. Kama mtu anayepapasa sufuria kujua ipi ina moto.

Niliwaza: huyu ni wa ukoo, amekuja kudai ardhi. Nikapanda kwa heshima.

"Shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole na kazi."

Alikuwa mrefu kunizidi, mtu mzima, uso wa watu wa kwetu. Miguu peku. Udongo wetu ulikuwa umelowa, mimi nilikuwa na matope hadi magotini, na nyayo zake zilikuwa safi kama za mtu aliyetoka kuoga. Niamini, nilikiona hicho na nikajifanya sijakiona.

"Wa kwangu umeuweka wapi?" akauliza.

"Upi, kaka?"

"Mti wangu. Ulikuwa hapa." Akaonyesha shimo lililokuwa ubavuni mwa jiwe.

"Kaka, mjomba ameniruhusu. Niliuliza kwanza."

Akatabasamu, bila ubaya wowote. "Mjomba hajui. Anajua mama."

Ungefanya nini? Mimi nilifanya ninachokiweza. Nilikwenda kwenye rundo, nikachukua kisiki, nikampelekea. Akakishika kwa mikono miwili, akakisogeza tumboni, akakirudisha.

"Si huu, mdogo wangu."

Nikaleta kingine. "Si huu." Nikaleta kingine, na kingine. Hakukasirika. Angenitukana ningepata nguvu za kumfukuza, lakini kila mara alinipokea kama mgeni anayepokea chai. Nilivitazama visiki vyangu na kwa mara ya kwanza nikaona nilichokifanya: nilikuwa nimevilinganisha vyote hadi hata mimi niliyeving'oa sikuweza kujua kipi kilitoka wapi. Alipogeuza uso kukikagua kimoja niliona mbele ya sikio lake kijitundu kidogo, kama cha sindano. Mimi ninacho, pale pale. Mama anacho.

Rundo likaisha. Ndipo nilipokumbuka kwamba visiki vya penye jiwe ndivyo vilivyotangulia. Ndivyo nilivyovifunga na kuvipakia kwenye bodaboda.

"Nitautafuta," nikasema.

"Haya. Nitasubiri."

Akaingia kwenye lile shimo akaketi. Shimo nililichimba mwenyewe, halizidi goti. Alipoketi lilimfika kifuani. Ukungu ukapita mbele yetu, na ulipoachia hapakuwa na mtu. Nikaingiza mguu shimoni. Lilinifika gotini.

Kesho yake nilishuka Mafiga. Sikumwambia mama kilichonileta. Nilimbeba mtoto, nikasifia pua yake, kisha nikamvuta dada pembeni na kumuuliza kama zimebaki kuni.

"Kaka! Umetoka msituni unakuja kutafuta kuni mjini?" Akacheka hadi akajishika tumbo. "Zimekwisha. Mama kazimaliza, hataki mtu mwingine aguse moto wake. Jivu lenyewe tumesugulia masufuria."

Nilisimama jikoni kwake nikiyatazama masufuria. Yalikuwa yanang'aa. Nilicheka na dada.

Mama alirudi nyumbani kitovu cha mtoto kilipodondoka. Alikuwa amekifunga kwenye pindo la khanga, na hakuingia hata ndani. Alipita bandani, akapanda moja kwa moja juu kwenye shamba langu. Nilimfuata nikiwa na maneno yangu yote niliyoyaandaa, tazama mama, hutashuka tena bondeni. Alifika penye jiwe akasimama. Aliligusa lile shimo kwa kidole cha mguu.

"Nani kakwambia ung'oe hapa?"

"Mjomba, mama. Nilimuuliza."

"Mjomba wako alizaa lini?"

Akakaa chini. Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo kwetu wanawake wanalijua na wanaume wanalipita juu kwa panga. Kitovu cha mtoto kikidondoka, mama yake au bibi yake anakifukia kwenye mzizi wa mti mdogo, peke yake, na hamwambii mtu, kwa sababu anayejua mti wako ulipo anaweza kukufanyia baya. Mti huo hukatwa matawi ukachipua, lakini mzizi hauguswi. Mimi na dada tulizaliwa mjini, baba akiwa hai, vyetu viko huko. Hapa mama alikuwa amefukia kimoja tu.

"Alikuwa wa kwanza," akasema. "Hakuwahi hata kukaa. Walipomzika nikawaza, angalau mti wake unakua."

Sikujua nilikuwa na kaka. Nikashindwa kujizuia, nikamwambia niliyemwona. Nilidhani atapiga kelele. Alinishika mkono.

"Ana kijitundu hapa?"

"Anacho."

"Ni mrefu?"

"Kunizidi, mama."

Akacheka huku machozi yanamtoka. "Mrefu! Kama baba yenu." Akajifuta na khanga. "Basi kirudishe, mwanangu. Kipo kwenye hilo rundo, hakijakauka bado. Kirudishe kabla hakijakauka."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Nimepapitia mara nyingi, ningesema hivi, ningesema vile. Ningemwambiaje? Mama, ulikichoma wewe. Ulikisifia kwenye simu. Nilifungua mdomo na kilichotoka ni: "Sawa, mama."

Nilirudisha visiki vyote ardhini, kimoja kimoja, kila shimo na kisiki chake cha kubahatisha. Penye jiwe nilisimika kimoja kizuri nikajua kabisa si chenyewe. Malisho sikupanda. Kile kitovu cha mtoto mama hakukifukia pale. Alikirudisha mjini, akakizika kwenye ua wa dada, chini ya mpapai.

Tangu hapo kila mchana mama anapanda na ndoo ya maji kichwani kumwagilia visiki vikavu. Bado anashuka bondeni kukata majani ya ng'ombe. Nilichomwongezea ni mlima. Nikimpokonya ndoo ananiambia, "Acha, ni kazi yangu hii." Maji anamwaga mengi penye jiwe, kisha anakaa, anautazama ukungu. Yeye hamwoni. Namwona mimi tu, kila ukungu unapopanda.

"Leo yukoje?" ananiuliza.

"Yuko vilevile, mama."

Hayuko vilevile. Mara ya pili nilipomwona tulikuwa tunalingana. Baadaye akawa kijana wa kunifikia begani, sauti haijakomaa. Kila nikimwona amepungua, na kila mara ananiuliza swali lilelile kwa upole uleule, wa kwangu umeuweka wapi, na mimi namwonyesha kile nilichokisimika, ambacho sote wawili tunajua si chenyewe. Nimekwenda kwa mwalimu wa madrasa akanisomea. Nimekwenda kwa mzee wa matambiko, akanisikiliza hadi mwisho, akauliza mti uko wapi. Nikamwambia uliungua. Akanirudishia kuku niliyempelekea.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayetaka kusafisha shamba, hata kama ni kichaka tu, hata kama karatasi zote unazo na wazee wa kiume wote wameitikia: usiguse mzizi kabla hujawauliza wanawake waliozaa karibu na hapo. Wapigie simu. Wasubiri warudi. Na kama aliyejua amekwisha kufa, kata juu, acha chini, ishi na visiki vyako. Visiki havichukizi. Nadhani hata ng'ombe hawavijali.

Wiki hii ukungu ulikuja mapema. Mama alikuwa bado njiani na ndoo, nikimsikia magoti. Nilipanda mbele yake nikamkuta ameketi penye jiwe, kichwa tu kikionekana juu ya shimo, kana kwamba sikuwahi kulifukia. Mtoto wa umri wa kwenda shule. Nilijiandaa kwa swali lake.

Alininyooshea mikono nimtoe shimoni.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Nyuma yangu mama alitua ndoo. "Leo yukoje?"