Aliyeahidi Kulifuata Gari Mpaka Nyumbani

Saa mbili asubuhi, Kisenyi. Aristide amelala chali chini ya usukani, tochi mdomoni, akificha kifaa kidogo cha GPS kati ya nyaya, mara mwanamke asiyemjua anapiga paa la gari kwa kiganja.

"Fundi Aristide ni wewe? Gari yetu wameiba jana. Bwana yangu alisema ikipotea nitafute wewe."

Karatasi aliyoshika ina namba ya laini kwa mwandiko wa Aristide. Huyu ni Akwero, mjane wa Ocaya, askari polisi aliyefariki miezi minne iliyopita. Gari hilo la kukodisha ndilo linalowalisha watoto watatu.

Aristide, mkimbizi kutoka Bukavu, huuza kifaa kwa shilingi elfu tisini, ufundi elfu thelathini. Wiki nzuri hupata magari mawili. Wiki hii, hili la Lawrence, mteja anayesubiri kando, ndilo la kwanza.

Anatuma ujumbe kwenye laini iliyo ndani ya kifaa alichomfungia Ocaya. Kimya.

"Mama, eyataimu ya mule nani anaweka?"

"Eyataimu? Pesa ya laini? Sijui. Ni yeye alikuwa nafanya hiyo."

Aristide anafumba macho. "Bila eyataimu iko bubu. Nilimwelezea Afande. Wewe Mama sikukuelezea. Ungejua, jana ile ile tungeikuta nzima."

Anaijaza laini kwa pesa ya chakula chake cha mchana. Baada ya robo saa simu inatetemeka: kifaa kiko Katwe.

"Fundi, hiyo kazi ya polisi!" Lawrence anafoka. "Ukitoka hapa, mimi napeleka gari kwa mwingine."

"Peleka tu, bosi. Niliahidi Afande: ikiibiwa, nitaifuata mpaka ifike kwake."

Wanapitia kituoni, wanapewa askari mmoja. Huko Katwe, kwenye uwanja nyuma ya karakana, hakuna mtu. Injini haipo. Milango haipo. Bodi imekatwa vipande. Kilichosalia kizima ni kiti cha nyuma.

Aristide anapapasa chini yake. Taa nyekundu ya kifaa ingali inamemeta kwa betri yake. Ocaya mwenyewe ndiye aliyechagua mahali hapo. "Weka pale watoto wanakaa," alimwambia.

Akwero anakikalia kiti hicho katikati ya matope. Halii. "Nimewaambia watoto narudi na gari."

Aristide anasema kuanzia mwezi huu atawapigia simu wateja wake wote kuwakumbusha laini. "Na wake zao," anaongeza, kwa sauti isiyosikika vizuri.

Kisha anavaa mkoba wa vifaa begani, anajitwika kiti kichwani. Kisugu, alikopanga Akwero tangu atoke kambi ya polisi, ni mwendo wa saa nzima kwa miguu.

"Fundi, wacha tu."

"Twende, Mama."

Wanapofika, kwa kusikia sauti ya mama yao watoto watatu wanatoka mbio, wanaangaza macho barabarani nyuma yake. Aristide anakiweka kiti mlangoni, taratibu.