Jiwe la Heshima

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kuwasaidia wanafunzi wenye ulemavu chuoni, nilikabidhiwa ufunguo wa ofisi iliyokuwa ghorofani. Nilidhani ni utani, lakini mkubwa wangu, Katibu Mkuu wa Masomo, alikuwa mtu asiyetania hata arusini.

“Bwana Mukubwa,” nikamwambia, “batu ba magongo batafika aje huku juu?”

“Batapanda polepole. Haraka ya nini?”

Kabla ya juma kwisha nilikuwa nimeshusha meza yangu chini ya ngazi, jirani na mlinzi. Nilijisifu sana kwa uamuzi huo, ingawa wageni wengi walinisalimia kama mlinzi wa pili.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna simu zinazosoma maandishi kwa sauti. Sisi tulikuwa na koo. Mwanafunzi asiyeona aliwekewa msomaji, yaani mtu wa kumsomea maswali ya mtihani na kuandika majibu yake neno kwa neno. Mwenye mkono mzito aliongezewa theluthi ya muda; tuliiita tiers-temps, na maprofesa waliisikia kama jina la ugonjwa. Mimi nilikuwa msomaji mbaya. Kijana mmoja asiyeona alinisimamisha katikati ya maswali ya kweli au uongo.

“Papa, soma kama mutu mwenye usingizi. Kila jibu ya kweli, sauti yako inapanda. Miye nataka kufaulu kwa akili yangu.”

Kazi niliyojivunia kuliko zote ilikuwa mteremko wa kuingilia ukumbi wa chini. Nilimleta fundi stadi kutoka Ndosho, akajenga kwa mawe meusi ya volkano njia pana, laini, ya kupanda taratibu. Kisha mwishoni kabisa, mlangoni, akapachika jiwe moja refu la kuchongwa. Ngazi!

“Fundi, hii ni nini?”

“Papa, mulango bila ngazi haina heshima. Batu batasema ni zizi ya mbuzi.”

Mkubwa alikuja kukagua, akalipapasa jiwe lile na kulisifu. Likabaki. Tangu hapo wanafunzi wetu walipanda mteremko wenyewe kwa fahari, halafu wakabebwa mlangoni.

Aliyebebwa zaidi ni Kahindo, binti wa Butembo, mwenye polio tangu utotoni na baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendeshwa kwa mikono. Ulipofika mwaka wake wa mwisho, wa kutetea utafiti wake mbele ya jury ya maprofesa, alikuja chini ya ngazi yangu.

“Papa, siku ya défense hakuna mutu atanibeba. Kila mara bananiinua kama sanamu ya Bikira siku ya maandamano. Miye si sanamu. Nitaingia mwenyewe, ao siingii.”

Nikamwahidi kuling’oa jiwe. Vita vikaniwahi. Watu wa Rutshuru na Masisi walijaa mjini na magodoro kichwani, na chuo kikawapa ukumbi wa chini. Katibu Mkuu mpya, mama wa miwani na haraka, akahamishia défense zote ghorofani.

“Maprofesa banasafiri kesho kutwa,” akaniambia. “Asipopanda, atangoja mwaka kesho. Na kwa hali hii, mwaka kesho nani anaijua?”

Nikaenda kwa wakimbizi. Msemaji wao, Mama Riziki, mkulima wa Rutshuru, alikuwa akichambua maharagi. Nikamweleza yote.

“Mutoto anataka kumaliza masomo na mulango iko kwetu?” akasema. “Lete hao maprofesa. Lakini bavue viatu, tumefagia.”

Katibu Mkuu alicheka mpaka akavua miwani, akakubali.

Siku yenyewe nilifika mapema nikiwa na suti, nyundo na patasi. Jiwe halikuwapo. Mteremko ulipita moja kwa moja hadi ndani.

“Papa, utusamehe,” Mama Riziki akasema, akinikwepa macho. “Tulikosa figa ya tatu. Hii yenu ndiyo inakaa sawa.”

Lilikuwa uani chini ya sufuria, limejaa masizi, bado limechongwa vizuri.

Kahindo akaja. Alipokaribia mlango, wenzake wanne walinyoosha mikono kwa mazoea, wakakosa cha kuinua. Baiskeli ikapita katikati yao, ikaingia, ikapiga kengele. Maprofesa, miguu mitupu, wakamhoji kuhusu biashara ya wauza unga wa muhogo mtaani Mabanga. Watoto walilia, maharagi yalinukia, na kila alipojibu vizuri akina mama walipiga vigelegele kabla profesa yeyote hajafungua kinywa.

“Mama,” mwenyekiti akamwambia Mama Riziki, “jury ni siye.”

“Ndiyo, Profesa. Siye tunabasaidia tu.”

Alifaulu kwa alama za juu, na jury nzima ikala maharagi.

Nilistaafu mapema kidogo. Magoti yangu yalinitangulia. Wenzangu walitaka kuninunulia saa ya ukutani. Nikaomba jiwe, nao wakatazamana kwa huruma. Sasa liko uani kwangu Mabanga, linashika sufuria. Mlango wangu hauna ngazi, na jirani anasema unafanana na zizi la mbuzi. Kahindo huja Jumapili. Hupiga kengele akiwa ameshaingia sebuleni.