Mchezo wa Mwadingusha

Nyinyi mliokulia kwenye kampi za wafanyakazi hapa Likasi, siku zile king'ora cha kiwanda kilipokuwa ndiyo saa ya kila mtu, mtanielewa. Hatukuwa na kitu cha kuchezea, na wala hatukukosa mchezo hata siku moja. Mawe ya kijani tuliyaokota kando ya reli, yalikodondoka kutoka kwenye mabehewa. Makala, yaani mkaa, tuliyaiba kwenye mbabula, jiko la mama. Uwanja wetu ulikuwa baraza la saruji nyuma ya nyumba, na tulipotoka hapo magoti meusi, sketi za shule nyeusi, mama alishika kiuno: "Ile makala minye sifule! Mutafula benyewe!" Na kweli tulifua wenyewe, tukicheka.

Aliyetutungia mchezo ni dada yangu mkubwa, Yaya Leonie. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi saba. Alichora kwa makala njia ndefu kutoka Kakanda, ikapita Kakontwe, ikaishia kwenye duara lililoitwa Nyumbani. Kila mtoto aliruka kwa mguu mmoja akisukuma jiwe lake kwa kidole gumba. Yaya Leonie yeye aliketi pembeni, ametupa mgongo. Yeye ndiye bwawa la Mwadingusha, kunakotoka umeme. Ghafla anapiga kelele, "Imekata!" na sisi wote tunaganda palepale, mguu juu. Ukitia mguu chini, unarudishwa Kakanda.

Halafu anageuka, anatazama mawe yalipo, moja moja, midomo ikichezacheza kama anayesali rozari. Sisi tunatetemeka, jasho linatutoka. "Yaya, rudisha! Yaya, nakufa!" Wala hakuharakishwa. Aliporidhika ndipo alisema, "Imerudia!" na ruka-ruka ikaanza tena. Kuna siku nilimwambia anatuonea tu, anasema anapotaka. Alikasirika kabisa. "Haiko kubahatisha," akasema. "Iko na sheria." Sheria gani, hakuna aliyeuliza. Yaya alikuwepo, ya nini kuuliza? Siku aliyolala na malaria hatukucheza, basi. Na harufu ya ndakala, dagaa wetu, ilipotoka jikoni, kila mtu aliusahau umeme akakimbilia bukari, ugali wa kwetu.

Watoto wa leo, Mungu wangu! Binti yangu Merveille ana vidole gumba vyenye nguvu kuliko miguu. Ukimwambia aruke kwa mguu mmoja anauliza kama kuna video ya kuonyesha namna. Na mimi mwenyewe nafundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari hapa mjini, kwa hiyo labda sina haki ya kulalamika.

Mwaka jana Yaya Leonie alianza kuja kwangu kila Jumapili baada ya misa. Figo zilikuwa zimemchosha, miguu imevimba hata viatu havimwingii. Anakaa kwenye kochi na karanga zake, ananitazama nikibonyeza kompyuta. Siku moja akasema, "Mudogo, weye uko na hii mashini. Weka mule muchezo yetu. Bajukulu yangu bacheze, bajue tulikuwa batoto ya namna gani." Nilifurahi mpaka nikasimama. Nilimwambia, hiyo ni kazi ndogo sana.

Kumbe. Programu za kutengenezea michezo, za watu wanaoanza, nilipata tatu. Ya kwanza ni ya vipande vya rangi. Unavipanga kama matofali na mchezo unatembea, huandiki neno. Hiyo ndiyo ninayofundishia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nikaiona ya kitoto. Ya pili ilikuwa nyepesi, inaingia hata kwenye simu, lakini maelezo yake yalinichanganya. Ya tatu ilikuwa na picha nzuri ajabu, na uzito wa kuiua mashini yangu. Nilianza kuipakua mara nne. Kila mara umeme wa kweli ukakatika katikati. Nikachukua karatasi ya miraba nikachora jedwali: rahisi, nyepesi, nzuri. Nikaweka alama, nikafuta, nikaweka tena. Yaya alicheka mpaka akapaliwa na karanga: "Weye unachagula kama unatafuta bwana ya pili!"

Kila Jumapili aliniuliza, "Nikuambie basi ile sheria, namna umeme inarudia?" Na mimi, mwalimu, nilimjibu, "Ngoja, Yaya, nichague kwanza. Ukiniambia sasa, nitaandika mara mbili." Nilisema hivyo miezi mitano. Kalamu ilikuwa juu ya meza.

Jumapili ya mwisho hakucheka. "Mudogo, minye nachoka. Andika." Macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha kompyuta. "Wiki ijayo, Yaya. Zimebaki programu mbili tu." Akatazama miguu yake, akaendelea kumenya karanga. Wiki iliyofuata nilimkuta hospitalini, ananitambua lakini sauti haitoki. Alhamisi tulimzika.

Matanga yalipokwisha, nilichagua kwa dakika kumi. Ile ya kwanza, ya vipande vya rangi, niliyokuwa nayo tangu siku ile ile aliyoniomba. Kwa wiki mbili mchezo ulikamilika, wote, isipokuwa jambo moja: sheria ya kurudisha umeme. Niliwatafuta tulioruka nao. Mmoja aliapa kwamba Yaya alihesabu mawe yaliyovuka Kakontwe. Mwingine akasema alingoja mpaka aliye mdogo kuliko wote aanze kulia. Wa tatu akasema hapakuwa na sheria yoyote, zilikuwa mbwembwe za kitoto tu. Huyo nilimkatia simu. Sina raha tangu siku hiyo, nasema kweli. Naamka nikijitukana.

Juzi wajukuu wa Yaya walikuja, na Merveille akawafungulia mchezo. Watu watano wadogo wanatoka Kakanda, wanaruka, mawe ya kijani yanasogea. Sauti yangu inasema, "Imekata!" Wanaganda, mguu juu. Watoto wakangoja. Merveille akanigeukia: "Mama, inarudia wakati gani?"

Ningeweza kuweka sekunde kumi, na hakuna mtoto angejua. Mkono ulienda mpaka kwenye kipande chenyewe, nikaurudisha. Sisi enzi zile tulitetemeka kwa mguu mmoja, njaa inauma, na hatukuogopa, kwa sababu nyuma yetu kulikuwa na mtu anayejua. Hawa wa leo wana mashini, wana programu tatu za kuchagua, wana mama mwalimu.

"Sijui," nikawaambia. Wakangoja kidogo, kisha wakatoka nje mmoja mmoja. Kwenye kioo wale watano bado wamesimama.