Mlango wa Kumi

Dada yangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Pindo, kwa kuwa riziki yake ni kupunguza suruali za watu. Kwa mapindo hayo alijenga vyumba vitatu, miaka kumi na sita, tofali baada ya tofali. Chumba cha mwisho kilipoezekwa alijilaza sakafuni, mikono kaitandaza, akicheka peke yake.

Mimi ndiye mwoga wa familia. Nina watoto wanne, na nyumba yangu imepakana na yake ukuta kwa ukuta. Nilimfundisha mwenyewe: "Dada, mtu mwenye karatasi akija, sema umepanga. Ukisema yako, kesho wanakuletea kodi."

Karani wa ofisi ya ardhi alikuja na karatasi zake, akawa anabisha kila mlango wa kumi. Kwangu alipita bila kubisha. Kwa Pindo akasimama.

"Shikamoo mama. Nyumba ya nani hii?"

"Marahaba. Ya mwenyewe, yuko safarini. Mimi mpangaji tu."

"Mwenye nyumba mkorofi?"

"We acha! Hata kucheka ananikataza."

Jioni alinisimulia, tukacheka mpaka machozi. Nilijiona mjanja.

Miezi mitatu baadaye tuliitwa mkutanoni. Bwana wa ofisi ya ardhi alisema mtaa wenye wamiliki wengi utapimwa na kupewa hati. Wenye wapangaji wengi utavunjwa, ipite barabara. Nyumba zetu ni mia nne. Waliuliza arobaini, wakapata wamiliki watatu. Kwa hiyo, akasema, mtaa mzima wamiliki ni kama thelathini.

Pindo alisimama, kakumbatia stakabadhi zake za saruji. "Bwana mkubwa, nilidanganya. Nyumba ni yangu."

"Mama, mlango wako ulijibu kwa niaba ya milango kumi. Hesabu imeshafungwa."

Watu waliguna, wakatazama chini. Hapo nikajua kila mmoja alikuwa na mtu wa kumfundisha, kama mimi. Na nyumba yangu, ambayo hakuna aliyeiuliza, ilikuwa imeshajibiwa: mdomo wa dada, maneno yangu.

Jumamosi alikuja mtu na kopo la rangi nyekundu, la kuchora X kwenye nyumba za kuvunjwa.

"Mwenye nyumba yupo?"

Pindo hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Muulize huyo," akasema, akinionyesha kwa kidevu. "Majibu anayo yeye."