Baiskeli Nyekundu ya Mama

Nilipokuwa mtoto, pale kwetu Katandala, mwanamke mtu mzima akipanda baiskeli watu waliacha kazi zao wakamtazama. Mama alikuwa na presha, na daktari alimwambia asipoushughulisha mwili, dawa pekee hazitamsaidia. Baba akamnunulia baiskeli nyekundu ya mtumba. Jumapili baada ya misa tulitoka sote: baba anakimbia pembeni kashika tandiko, mama anapiga mayowe, mimi nacheka mpaka mbavu zinauma. Baada ya miezi michache alikwenda nayo sokoni, shambani, hata kwa bibi kijijini. Presha ilishuka, na hasira zake pia, Mungu ashukuriwe.

Bibi, mama mzazi wa baba, ndiye ambaye hakuipenda. Siku alipoiona aliizunguka kama anayekagua ng'ombe mgonjwa, majirani zake wakiangalia.

"Mama Resti, rangi hii radi inaipenda," alisema. "Wingu likisimama juu ya milima ya Mbizi, kitupe chuma hiki, mkalale kwenye matuta. Ukiking'ang'ania kitakuua."

Ufipani radi si jambo la kutaniwa. Tuliambiwa ni jogoo mwekundu anayeshuka kumfuata mwenye rangi yake, na mvua ikianza tulivua nguo nyekundu na kufunika vioo. Tuliambiwa pia, kwa sauti ya chini, kwamba jogoo huyo hutumwa na mtu. Hili la pili ndilo lililokuja kututesa.

Ilikuwa Januari, tunarudi kutoka kwa bibi, mimi nimekaa kwenye keria. Uwanda ule hauna mti, ni majani na mashamba tu. Upepo ukageuka wa baridi. Nikatazama nyuma, Mbizi haionekani kwa wingu.

"Mama, tushuke!"

"Nyamaza, Resti. Tumeshakaribia."

Alizidi kukanyaga. Ngurumo ikapiga, nikaruka nikaanguka kifudifudi kwenye tope. Mama akasimama, akaniita kwa ukali nirudi. Nikakataa, nalia, namwambia bibi alisema. Akatazama wingu, akatazama baiskeli yake. Hakuweza kuitupa, aliiegemeza kwenye kichuguu kando ya njia, kwa upole kabisa, kisha akanivuta tukakimbilia shambani. Tukalala katikati ya matuta yale ya duara ya majani na udongo wanayojenga Wafipa, mkono wake ukinikandamiza kichwa chini.

Mwanga ulipita hata ndani ya macho niliyokuwa nimeyafumba. Ardhi ikaturusha. Nilijikojolea, na sioni aibu kusema. Tulipoinua vichwa kichuguu kilikuwa kimepasuka, matairi yanafuka moshi, tandiko limeungua. Mama alipiga magoti palepale akasali.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Jioni ya kesho yake shangazi alifika kutoka kijijini, anahema.

"Wanasema mama yetu ndiye aliyeituma radi, la sivyo alijuaje," alimwambia baba. "Alitamka mbele ya watu kwamba baiskeli itamuua mkwewe, na radi ikaja. Vijana wamempa mpaka Jumapili. Asipohama watachoma nyumba."

"Mama yangu?" baba aliuliza, kisha akanyamaza. Kimya chake kiliniogopesha kuliko radi, kwa sababu niliona anafikiri. Na mimi pia, mtoto wa darasa la nne, nilikuwa nafikiri.

Mama hakufikiri. Aliipeleka baiskeli kwa fundi, ikafungwa matairi mengine, tandiko likabaki lilelile lililoungua. Jumamosi asubuhi, mbingu ikiwa nyeupe, alinipakia tukaenda. Kijijini alipiga kengele kwenye kila nyumba, watu watoke watuone. Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi alikuwa amejifungia ndani.

"Shikamoo, mama," mama alisema mlangoni.

"Marahaba. Umekuja kuniuliza?"

"Nimekuja kukuchukua."

Bibi alikuwa hajawahi kupanda baiskeli. Alikaa kwenye keria upande, kitenge kimebanwa magotini, nami nikitembea nimeshika mguu wake. Tulipofika kilabuni, vijana walisimama. Mama akafunga breki katikati yao.

"Huyu ndiye aliyeniponya na radi," alisema. "Mwenye neno na aniambie mimi."

Kijana mmoja alikuwa ameshika jiwe, wala hakulificha. Mama akaanza kukanyaga taratibu, na mgongo uliniwasha njia nzima nikilisubiri jiwe lile. Halikuja.

Bibi aliishi nasi Katandala mpaka alipofariki. Nyumba yake ilibomoka, shamba wakalima wengine. Alikuwa akikaa kibarazani akitazama upande wa kwao, na tukimwuliza anawaza nini, alisema anaangalia mvua.

Leo naendesha baiskeli na wanangu kila Jumapili, na wingu likisimama nawashusha, sijali tuko wapi wala nani anacheka. Sijui kama radi ni jogoo. Vioo bado nafunika. Ila najua bibi alituonya kwa sauti, mbele ya watu, kwa sababu alitupenda na hakuona cha kuficha. Angenyamaza siku ile, angezeeka nyumbani kwake, na sisi tungezikwa.