Filamu Niliyoiponda Kabla ya Kuiona

Nichekeni tu, lakini mkimaliza nendeni mkaione hiyo filamu.

Ni ile ya wazima moto tuliyoipenda utotoni. Sasa imetengenezwa upya, na mashujaa wote ni wanawake. Mitandaoni watu waliitukana kabla haijatoka, nami nikadakia. Jumapili baada ya ibada yetu ya Kiswahili hapa Toronto, nikasimama na kikombe changu cha chai, nikatangaza, "Wameiharibu!"

Mama Upendo, kiongozi wa kwaya yetu, akaniuliza, "Kwani umeiona, Baba Neema?"

"Ya nini kujisumbua?"

Swali lile likaniwasha wiki nzima. Jumamosi nilipotoka kazini, kwenye ghala la mji jirani wa Brampton, nikaingia sinema peke yangu, kofia nimeishusha hadi kwenye nyusi. Haikupita muda nikasahau kujificha. Mimi nimekulia kwenye mabanda ya video ya Mbeya, ambako filamu huangaliwa kwa kelele, na hapa Toronto nani angenielewa? Kamanda wao alipomshika mwenzake mkono huku jengo linaporomoka, nikasimama nikapiga kelele, "Usimwachie, dada! Mvute, mvute!"

Machozi yalinitoka, na hilo nalisema kifua mbele.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, kwa Kiswahili safi, "Baba Neema, kaa chini. Tuliokuja kuangalia uharibifu hatuoni."

Nikageuka. Mama Upendo, na safu nzima ya wanakwaya, bisi mikononi.

Nikavua kofia. "Sogeeni," nikawaambia, "nije nikae nanyi."